Mkate wa Tango Hautoshi

Mgeni asiyekula nyama akilala Mugumu, mkoani Mara, kesho yake akaingia Hifadhi ya Serengeti kwa geti la Ikoma, si ajabu akakuta lanchi boksi yake imeandikwa kwa kalamu herufi moja tu, V. Ndani mna ndizi mbivu, juisi ya pakiti, kipande cha keki, karanga kidogo, na slesi mbili za mkate zilizobana tango na nyanya. Boksi la mwenzake lina vitu hivyo hivyo, na zaidi ya hivyo paja la kuku, yai la kuchemsha na sandwichi ya jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi. Mpishi hakumpikia yule wa kwanza chochote. Alimwondolea kilichokuwa kizuri, akafunga boksi. Ikifika saa saba mchana mkate umeshalowa maji ya nyanya, unakatikia mkononi. Kule kreta ya Ngorongoro, kwenye bwawa la Ngoitokitok, mwewe wamezoea kunyakua kuku mikononi mwa watalii. Sijasikia mwewe aliyejisumbua kwa tango.

Kutengeneza kwa mimea kitoweo cha sandwichi ambacho watu wamekizoea kikiwa cha samaki au nyama ni jambo linalowezekana Mugumu, tena kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni namna swali lenyewe linavyoulizwa. Huulizwa: ni mmea gani unaofanana na samaki? Ningeanza kwingine: samaki yule alikuwa na kazi gani mle ndani? Alileta chumvi. Alileta mafuta, kwa njia ya mayonezi, na mafuta ndiyo yanayofanya mkate mkavu upite kooni bila kusindikizwa na maji. Aliyapa meno kitu cha kutafuna kisicho mkate. Alikuwa na unyevu usiochuruzika. Halafu alimshikilia mtu hadi jioni. Katika kazi zote hizo tango haliwezi hata moja. Linaleta maji, na maji ndiyo adui wa mkate.

Tena jodari wa kopo mwenyewe alianza akiwa mbadala. Mwaka 1903, sadini walipoadimika katika pwani ya California, kiwanda kimoja cha San Pedro kilijikuta na makopo matupu, kikaamua kuyajaza jodari. Nyama yake ikipikwa kwa mvuke hugeuka nyeupe, na wauzaji hawakuona haya kumnadi kwa kumfananisha na kuku. Chapa ya Chicken of the Sea, yaani Kuku wa Baharini, ilianza kutumika mwaka 1914 na ipo mpaka leo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba dengu kwenye mkate ni udanganyifu, ajue kwamba hicho anachokitetea nacho kiliingia sokoni kwa kujifanya kitu kingine.

Sasa ni nani, Mugumu, anayetaka mkate usio na nyama? Watalii wanatajwa kwanza kwa sababu wanalipa kwa dola, lakini hawako peke yao. Mkoa wa Mara una Wasabato wengi. Kanisa lao liliingia nchini mwaka 1903 kupitia milima ya Upare, na miaka michache baadaye likafika upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, Majita. Msabato wa kawaida wa Mara hali kitimoto, wala kambale, wala kamongo, maana samaki hawa wawili huhesabiwa kuwa hawana magamba. Ng'ombe, mbuzi na sato anakula bila wasiwasi. Hata hivyo mafundisho ya afya ya kanisa hilo yamekuwa yakisifu mlo wa mimea tangu karne ya 19, na wapo waumini wanaoyafuata kwa ukamilifu. Wakatoliki nao wana Ijumaa za Kwaresima. Kisha wapo wengine wengi kuliko hao wote, ambao hawali nyama siku nyingi za juma kwa sababu moja tu, mfuko hauruhusu. Hawa hakuna anayewaandikia V.

Wasabato ndio waliotangulia kuiga nyama kwa mashine, na hapa historia inafundisha kitu. Daktari John Harvey Kellogg, aliyeongoza hospitali yao ya Battle Creek huko Marekani, aliomba hataza ya siagi ya karanga mwaka 1895, na kabla karne ya 20 haijafika mbali alikuwa anauza nyama bandia za makopo zilizotokana na karanga na gluteni ya ngano. Miaka ya 1960 kampuni ya Archer Daniels Midland ikaleta vile vipande vya soya vilivyokaushwa, ambavyo sasa vinauzwa kwa pakiti hadi katika maduka yetu ya kawaida. Mwaka 2016 zikaja baga za Beyond na Impossible, na hii ya pili inatumia protini yenye chuma inayotengenezwa kwa hamira maalumu ili mmea utoe wekundu na harufu ya nyama mbichi. Njia yote hii ya kuiga inahitaji kiwanda, na hizi za mwisho zinahitaji pia jokofu lisilozimika kuanzia bandarini mpaka kambini. Ziwekwe pembeni. Si kwa ubaya wake. Kwa Mugumu ni bidhaa ya kuagiza, na atakayezila ni yule aliyezizoea kwao.

Vipande vya soya vinastahili nafasi ya pili ya kufikiriwa. Vinakaa miezi bila baridi, vinalowekwa dakika chache, na mtu aliyevikaanga vizuri kwa kitunguu, tangawizi na binzari anapata kitu kinachotafunika. Kasoro yake inaonekana vikipoa. Vinashika maji kwa namna ya kulegea, ladha yote inabaki kwenye mchuzi, na ndani ya mkate baridi vinakuwa kama sponji. Kwenye sahani ya wali moto sina ugomvi navyo.

Fenesi bichi, linalosifiwa kwa nyuzi zake, ni la Zanzibar, Tanga na Kagera. Kulisafirisha hadi Serengeti kwa ajili ya sandwichi ni kutafuta gharama. Uyoga ni mzuri, lakini haupatikani kila siku.

Turudi kwenye vyakula vyetu, maana Afrika Mashariki haianzi leo kutia mimea ndani ya mkate. Pwani, kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, asubuhi ya mahamri na mbaazi za nazi ni chakula ambacho hakuna anayekihesabu kuwa kimepungukiwa nyama. Kachori na bajia zinaliwa na bofulo na chatine. Kampala wana kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, chakula cha mwanafunzi na bodaboda. Mumbai wana vada pav, kachori ya viazi ndani ya skonsi, na mji mzima unaitegemea. Sambusa za viazi zinauzwa stendi yoyote ya Kanda ya Ziwa. Vyote hivi havimwigi ng'ombe wala samaki. Vinafanana kwa mambo matatu: vina mafuta ya kutosha, vingi vina uchachu wa ukwaju, ndimu au embe bichi, na vinaliwa pale pale vikiwa moto.

Hilo la tatu ndilo linalotukwamisha. Sandwichi ya hifadhini hufungwa alfajiri, huliwa mchana, na hapo katikati inarushwarushwa kwenye Land Cruiser barabara nzima. Maharage, ambayo kila nyumba ya Mara inayajua, yakipoa yanaganda na kukauka juu, na katika joto yanachacha upesi. Viazi ndani ya mkate ni wanga juu ya wanga; kinywa kinachoka kabla tumbo halijashiba. Mbaazi za nazi zinachuruzika. Tukichuja namna hii zinabaki dengu, na nasema zile kubwa za rangi ya udongo zenye kichwa kilichochongoka, si choroko.

Dengu zikichemshwa hadi kuiva kabisa zinapondeka bila kuwa rojo. Maganda yake yanabaki na ukinzani kidogo, na ule unga wa ndani unafyonza mafuta na ndimu badala ya kuviacha vichuruzike. Ndiyo maana huko ng'ambo, wapishi wasiogusa kitu cha mnyama walipotafuta mbadala wa jodari wengi waliishia hapo. Ila wao hununua dengu kwenye kopo. Sisi zinatoka shambani, jirani. Shinyanga, Simiyu na Mwanza wanazipanda kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea mwisho, zikaota kwa unyevu uliobaki ardhini, na sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa kwenda India. Wakulima wanajua ubaya wa kumtegemea mnunuzi mmoja: Agosti 2017 India iliwekea mbaazi kikomo cha kuingia nchini mwake, Desemba ikatoza dengu ushuru wa asilimia 30, na ilipofika Machi 2018 ushuru huo ulikuwa asilimia 60. Mlaji wa hapa nyumbani hawezi kuziba pengo la India kwa sandwichi, sidai hivyo. Lakini ni ajabu kwamba mzigo unapita mkoa wa jirani ukielekea bandarini, huku kambi za Serengeti zikiletewa makopo ya samaki wa bahari ya mbali kwa lori kutoka Arusha.

Namna ya kuzipika inastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu wengi huharibu hapa. Dengu zinalowekwa tangu jioni, maji yakiwa mara tatu ya ujazo wake. Alfajiri maji hayo yanamwagwa, zinachemshwa kwa mengine, na chumvi haitiwi mapema. Kipimo cha kuiva ni vidole viwili: punje ikibanwa iteleze na kupondeka bila kiini kigumu katikati. Magadi yanaharakisha, lakini yakizidi kidogo yanaacha ladha ya sabuni. Zichujwe, zitandazwe kwenye sinia mpaka mvuke uishe. Anayeziponda zikiwa na mvuke anapata uji. Kuponda ni kwa uma, au kwa mwiko mgongo wake, na mkono uache mapema: theluthi moja ya punje ibaki nzima au imevunjika nusu. Blenda isisogee hapa, maana ikishasaga, kitu cha kutafuna kimekwisha. Kisha kitunguu kilichokatwa kidogo sana na kuoshwa kwa chumvi, karoti iliyokwaruzwa na kukamuliwa, pilipili hoho, ndimu, pilipili manga, na chumvi zaidi kidogo ya unayoiona inatosha, kwa kuwa chakula baridi hukosa ladha.

Sasa mafuta. Mayonezi ya kawaida ni yai bichi na mafuta. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba yale maji mazito yanayobaki baada ya kupika jamii ya kunde yanaweza kupigwa yakatoa povu kama ute wa yai. Muda si mrefu watu wakaanza kuyatumia kutengeneza mayonezi, yakipigwa pamoja na mafuta, haradali na ndimu. Mafuta yetu ya alizeti yanafaa kabisa kwa kazi hiyo. Tatizo ni mashine: bila blenda ya mkono yenye kasi hayashikani, na kambi nyingi huwasha jenereta kwa saa maalumu. Kwa hiyo kwa Mugumu ningechagua karanga. Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, zikalegezwa kwa maji ya ndimu kidogo kidogo huku zikikorogwa, zinageuka nyeupe na nzito ghafla, na zinashika dengu vizuri. Hakuna mama lishe wa Kanda ya Ziwa asiyejua kuunga mboga kwa karanga. Ujuzi upo tayari, unahamishwa tu kutoka sufuriani kwenda kwenye mkate.

Karanga zina hatari yake, nayo ni sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu hao. Kukaanga hakuiondoi yote. Punje zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe kabla ya kusaga, na unga wa karanga wa bei ya kutupa utiliwe shaka, maana humo ndimo punje mbaya zinamojificha. Lakini mpishi aulize pia jambo jingine: kama mgeni ana mzio wa karanga. Kwa huyo, ufuta uliosagwa unafanya kazi ile ile.

Watu wanaamini chakula cha mimea hakiharibiki. Aliyewahi kufungua sufuria ya maharage ya jana asubuhi ya joto anajua. Dengu zilizopondwa zina protini na maji, na kuanzia nyuzi 5 hadi 60 za Selsiasi vijidudu vinajisikia nyumbani. Ndimu inasaidia kwa kuongeza uchachu, lakini haiondoi haja ya kupooza mchanganyiko kabla ya kufunga na kuweka boksi ndani ya friji ya gari au penye kivuli. Nyanya, kama lazima iwepo, ifungwe peke yake, mlaji aitie mwenyewe.

Je, inashibisha kama samaki? Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina takriban gramu 9 za protini. Jodari wa kopo ana zaidi ya mara mbili ya hizo. Karanga zinapunguza pengo, maana zenyewe zina kama gramu 25 kwa kila gramu 100, na ngano ya mkate inakamilisha kile ambacho jamii ya kunde inapungukiwa. Madini ya chuma ya mimea yanafyonzwa kwa shida, ndimu inasaidia, na chai ya rangi inazuia. Kikombe kingoje saa moja baada ya kula. Vitamini B12 haimo kabisa kwenye dengu. Mtalii wa wiki moja hilo halimhusu, ila mkazi aliyeacha nyama, maziwa na mayai moja kwa moja lazima aipate kwingine.

Nimeacha jambo gumu zaidi hadi sasa, nalo halipikwi. Tarime na Serengeti ni nchi ya ng'ombe. Mahari ni ng'ombe, heshima ya mgeni ni nyama, na mtu wa Tarime akikukaribisha nyama yenye kichuri, yale majimaji machungu ya matumboni mwa mnyama, amekupa cha thamani. Magharibi mwa hifadhi kuna pia nyamapori, inayoongezeka majumbani nyumbu wanapopita kuelekea kaskazini, na wengi wamefungwa kwa ajili yake. Watafiti Dennis Rentsch na Amy Damon, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2013, waliliangalia suala hilo kwa jicho la bei: ng'ombe, samaki na nyamapori, kaya inachagua nini kipi kikipanda. Wapo watu wenye nia njema ambao wangependa kuziongeza dengu kwenye orodha hiyo na kutangaza kwamba sandwichi ya mimea itaokoa nyumbu. Siamini. Dagaa anaweza kushindana na nyamapori kwa kuwa yuko katika daraja lake. Maharage na dengu haviko kwenye shindano hilo. Vinaliwa tayari siku ambazo hakuna nyama, na siku nyama ikipatikana vinawekwa kando bila majuto. Ukimpa mzee wa Kikurya mkate wa dengu badala ya nyama, kwake umempa chakula cha siku ya shida na kumwomba ashukuru.

Kwa sababu hiyo ni kosa kuuza kitoweo hiki Mugumu kwa madai kwamba kimefanana na nyama au samaki. Watu wanaomjua sangara na dagaa kwa harufu hawatapumbazwa, na kule kutia mwani wa Zanzibar ili dengu zinukie bahari, kama wafanyavyo Ulaya, hapa hakuna anayekutamani. Sandwichi hii iuzwe kama kachori inavyouzwa, kwa sifa yake. Stendi ya mabasi, shuleni na kwenye gereji ndiko ingepimwa kwa haki zaidi kuliko hifadhini, kwa kuwa mtu wa stendi hana sababu ya kuwa mpole: isipomridhisha harudi.

Mkate nao una kasoro zake. Slesi nyingi za dukani ni tamu na laini mno, na si ajabu zikawa na maziwa, sawa na maandazi mengi ya mtaani. Asiyegusa kitu cha mnyama anaweza kulishwa maziwa bila mpishi kujua. Vidonge vya supu ya kuku vinavyotiwa kwenye kila mboga ni mtego mwingine. Chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta ya alizeti haina mashaka hayo, haivunjiki safarini, na inafungika kwenye karatasi bila kulowa, jambo la maana tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mimi ningeiweka mbele ya mkate, japo najua mameneja wa kambi wanataka picha ya pembe tatu nyeupe kwa sababu ndiyo iliyo kwenye matangazo yao.

Anayetaka kuiuza ikiwa imefungashwa dukani atapitia shirika la viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosajili vyakula baada ya jukumu hilo kuondolewa mikononi mwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na atalazimika kuthibitisha inakaa siku ngapi. Kwa jiko la kambi au la mama lishe kikwazo ni cha saa. Taarifa kwamba miongoni mwa wageni yumo asiyekula nyama mara nyingi humfikia mpishi wakati wa chakula cha usiku, boksi linatakiwa saa kumi na moja alfajiri, na dengu ambazo hazikulowekwa jioni haziivi kwa wakati. Hapo ndipo anaposhika tango. Dawa yake iko kwenye fomu ya bukingi kule Arusha: kisanduku kimoja cha kuuliza mgeni anakula nini, kijazwe na kutumwa Mugumu siku mbili kabla gari halijaondoka.